Shimo la barabarani likigeuka doa: kupiga picha miundombinu inayochakaa mtaani kwako

*"Napenda kupiga picha vitu vya mtaani kwetu vinavyochakaa: barabara yenye viraka juu ya viraka, mitaro ya zamani, kalavati, daraja dogo la zege, na mafundi wanapofukua mabomba. Natumia simu tu. Tatizo ni kwamba shimo linalomeza nusu ya tairi, kwenye picha linatoka kama doa. Rafiki yangu anasema ninunue kamera. Juzi nilisogelea mtaro uliochimbwa, fundi akanifokea, na sasa sijui hata kama ninaruhusiwa. Pia nyuma ya nyumba yetu kuna ukuta wa kuzuia udongo wenye ufa. Nimeupiga picha mara nyingi lakini sijui kama ufa unakua. Nakosea wapi, na je, hizi picha zina faida kwa mtu mwingine yeyote?"*

Ndugu msomaji, umeuliza mambo mengi kwa pamoja, na zito kuliko yote, yaani ule ukuta, umelitaja karibu na mwisho. Nitalifikia. Nikikuelewa vizuri, unaona vitu vikiharibika mwaka baada ya mwaka, na picha zako hazibebi kile macho yako yanachokiona. Hilo linarekebishika, tena bila gharama.

Kamera kwanza, maana jibu lake ni fupi: usinunue. Simu ya kawaida ya miaka ya karibuni inatosha kabisa kwa kazi hii. Kamera kubwa ingekupa picha ileile ya doa, ila yenye doa kali zaidi. Futa lenzi kwa kitambaa safi kabla ya kupiga, kwa sababu simu hukaa mfukoni na mafuta ya vidole hufifisha picha nzima. Zima vichujio na hali za kurembesha, pamoja na ile inayofifisha mandhari ya nyuma. Kisha shughulikia mwanga, maana tatizo lako liko hapo.

Picha ni bapa. Macho yako mawili yanajua kina cha shimo kwa sababu kila jicho linaliona kutoka pembe yake, na pia kwa sababu unatembea na kuona kingo zikisogea. Lenzi moja iliyotulia haina msaada huo. Inabaki na kivuli tu kama ushahidi wa kina, na urefu wa kivuli unategemea jua liko juu kiasi gani. Chukua shimo lenye kina cha sentimita 5. Jua likiwa nyuzi 60 juu ya upeo wa macho, ukingo wa shimo unatupa kivuli cha sentimita 3 hivi. Likishuka hadi nyuzi 30, kivuli kinakaribia sentimita 9. Likifika nyuzi 10, kinazidi sentimita 28, na shimo dogo lote linajaa giza. Ukipiga saa za katikati ya mchana unapata kivuli chembamba kisichosema kitu, na ukingoja jua liguse upeo wa macho unapata tundu jeusi lisiloonyesha ndani. Wakati mzuri uko katikati. Huhitaji chombo cha kupima: simama wima, tazama kivuli chako. Kikiwa kati ya mara mbili na mara nne ya urefu wako, jua liko takriban kati ya nyuzi 27 na 14, na hapo kila bonde, kila ukingo wa kiraka na kila mfereji uliochongwa na matairi utajitokeza.

Upande unaosimama nao una uzito. Watu wengi tumefundishwa kupiga picha jua likiwa mgongoni. Ni ushauri mzuri kwa sura za watu, lakini kwa shimo ni mbaya, kwa sababu kivuli kinaangukia ndani ya ukingo ulio karibu nawe, yaani pale ambapo ukingo huohuo unakuzuia kuona. Jiweke ili jua litoke ubavuni. Kisha shusha simu hadi usawa wa magoti. Ukipiga kutoka usawa wa uso ukielekeza chini, unaibana barabara iwe kama karatasi.

Kuna kosa jingine ambalo si lako, ni la simu. Simu nyingi hupiga picha kadhaa kwa mpigo na kuziunganisha, zikiangaza vivuli na kupunguza weupe ili kila kitu kionekane. Kwa hiyo kivuli ulichokisubiri kwa subira kinapaukishwa. Gusa sehemu yenye mwanga kwenye kioo, kisha buruta alama ya mwangaza chini kidogo hadi kivuli kirudi kuwa kivuli. Kama simu yako inaruhusu kuzima huo uunganishaji, uzime.

Sasa nisije nikakufanya uyachukie mawingu. Mwanga wa mawingu hauna kivuli, na ndiyo sababu unafaa kwa mambo yanayotambulika kwa rangi. Chini ya daraja lako la zege, tafuta michirizi ya rangi ya kahawia inayofuata ufa. Hiyo mara nyingi ni kutu ya nondo. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichooza, mara kadhaa zaidi, hivyo nondo inayooza inaisukuma zege kutoka ndani mpaka kipande kinabanduka na chuma kuonekana. Tafuta pia magamba meupe kama chumvi. Hayo ni madini yaliyoyeyushwa na maji yanayopita ndani ya zege, yakaachwa juu maji yalipokauka. Yenyewe si hatari, lakini yanakuonyesha njia ambayo maji yamejifungulia. Siku ya jua kali sehemu hizo huwa nusu giza nusu weupe mkali, na simu inashindwa. Siku ya mawingu zinasomeka vizuri.

Wakati ninaoupenda kuliko yote ni ule wa baada ya mvua, barabara inapoanza kukauka. Uso wa lami hukauka kwanza na kupauka, huku nyufa zikiendelea kushika maji, zikibaki mistari myeusi. Kwa muda mfupi barabara inakuchorea yenyewe ramani ya udhaifu wake. Nyufa ambazo jana hukuziona kabisa zinajitokeza. Piga haraka. Na dimbwi lililobaki peke yake wakati kwingine kumekauka linakuonyesha pale barabara ilipotitia au mtaro ulipoziba. Ila usitegemee picha ya shimo lililojaa maji kuonyesha kina: maji yanaakisi anga, na hujui kama shimo lina kina cha kidole kimoja au cha goti.

Ukishajua kuona, utahitaji kujua unachokiona. Shimo la barabarani mara nyingi huanza chini, si juu. Maji yanaingia kwenye ufa, yanalainisha tabaka la kokoto na changarawe lililobeba lami, kisha kila tairi likipita linayakamua maji hayo pamoja na chembe laini za udongo. Lami inabaki ikielea juu ya utupu, inavunjika. Kwenye miji ya baridi kali kuna nyongeza: maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9 na kuinua barabara, yakiyeyuka yanaiacha bila kitu chini. Nyufa zilizofungamana kama ngozi ya mamba, hasa mahali magurudumu yanapopita, maana yake tabaka la chini limeshachoka. Kiraka kikiwekwa juu hapo hakitadumu, na ndiyo maana unaona viraka juu ya viraka. Ufa mmoja ulionyooka unaofuata ukingo wa kiraka ni jambo dogo zaidi: ni maungio yaliyofunguka, ingawa kesho maji yatapitia hapohapo. Kwa hiyo usipige katikati ya kiraka pekee. Piga ukingo wake.

Na mstari mrefu uliobonyea unaokatiza barabara, mara nyingi uko juu ya mtaro wa bomba uliofukiwa. Udongo wa kufukia unatakiwa ushindiliwe tabaka kwa tabaka. Ukimwagwa wote kwa mkupuo, unaendelea kujishindilia wenyewe kwa miezi chini ya magari, na kiraka kinafuatana nao kushuka. Hii ndiyo sababu picha ya mtaro ulio wazi ina thamani kubwa sana. Kwa siku chache tu unaona barabara kwa ubavu: unene wa lami, kokoto, udongo, bomba la zamani lenye kutu kando ya jipya la plastiki. Ukifukiwa, hakuna atakayeona tena hadi pasukapo.

Lakini hapo ndipo yule fundi alipokufokea, na alikuwa na haki. Meta moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa tani moja na nusu au zaidi, na ukuta wa mtaro huporomoka ghafla. Uzito wa mtu anayesimama ukingoni unaweza kuwa ndio wa kumalizia, na wa kufukiwa ni yeye aliye chini. Baki nje ya uzio au utepe. Tumia ukuzaji mdogo wa lenzi badala ya miguu. Fika, salimia kwanza, muulize msimamizi, eleza unachofanya, na ukiambiwa hapana, ondoka kwa heshima. Mafundi wengi wakiona unapenda kazi yao watakuonyesha wenyewe mahali pazuri pa kusimama. Usipige sura zao bila ridhaa.

Kuhusu kuruhusiwa, wapo watakaokuambia kwamba kitu chochote kilicho barabarani ni halali kupigwa picha, na wapo watakaokuambia ni marufuku kabisa. Wote wanakosea, kwa sababu sheria zinatofautiana nchi hadi nchi. Mahali pengi kupiga picha barabara ukiwa eneo la umma si kosa. Lakini kuna nchi ambazo madaraja, reli, mitambo ya umeme au ya maji, na majengo ya usalama havipigwi bila kibali, hata ukiwa umesimama njiani. Barabara na mitaro ya mtaani ni suala moja, daraja kubwa au kituo cha umeme ni suala jingine. Uliza ofisi ya serikali ya mtaa au ya mji wako kabla, na kama wanatoa barua, tembea nayo.

Jambo ninalotaka ulishike kwa nguvu zaidi ya yote haya ni kurudi mahali palepale. Picha moja ya ufa inasema kuna ufa. Picha ya pili kutoka nukta ileile ndiyo inayosema kama kuna kinachotokea. Kurudi nukta ileile si kukisia, kuna ufundi wake. Angalia kwenye picha ya kwanza vitu viwili vilivyopangana, kimoja karibu na kingine mbali, kwa mfano nguzo ya taa iliyogusa kona ya dirisha la mbali. Ukisogea hata hatua moja kushoto au kulia, kitu cha karibu kinasogea haraka kuliko cha mbali na upangaji unavunjika. Upangaji mmoja ukikaa sawa, uko kwenye mstari ule ule uliokuwa. Upangaji wa pili, ulio upande tofauti wa picha, ukikaa sawa nao, umerudi kwenye nukta yenyewe. Kisha tumia lenzi ileile ya simu, si ile pana sana inayopindisha kingo. Kwa hiyo unapopiga picha ya kwanza, jipangie makusudi jozi mbili za namna hiyo. Utajishukuru baadaye.

Weka kipimo ndani ya picha. Futi ya kupimia ni bora. Kama huna, kadi yenye umbo la kadi ya benki ina milimita 85.6 kwa 54 popote duniani, lakini tumia iliyokwisha muda, tena uelekeze kwa lenzi upande usio na namba. Kipimo kigusane na kitu chenyewe. Kikiwa mbele yake kitaonekana kikubwa na kudanganya.

Na hapa kuna hesabu inayojibu kwa nini picha zako za ukuta hazikukuambia kitu. Tuseme picha yako ina pikseli (nukta ndogo zinazoiunda picha) 4,000 kwa upana. Ukipiga ukuta wa upana wa meta 4, kila milimita inapata pikseli moja. Ufa ukikua kwa milimita moja, tofauti hiyo inapotea. Ukisogea hadi picha ichukue sentimita 40 tu, milimita hiyohiyo inapata pikseli 10, na utaiona. Kwa hiyo piga mbili kila mara: moja ya mbali inayoonyesha ufa uko wapi, moja ya karibu yenye futi, simu ikiwa sambamba na ukuta. Kama ukuta ni wenu, weka alama ndogo za penseli pande mbili za ufa na mwishoni mwake ulipofikia, uandike tarehe. Piga saa ileile ya siku, kwa sababu zege na matofali hutanuka kwa joto na nyufa hufunguka na kujifunga kidogo mchana na usiku, hata msimu na msimu.

Mafaili yako yape majina yanayoanza na mwaka, mwezi na siku, kisha mahali na upande uliokuwa ukitazama. Hifadhi picha asili sehemu mbili. Ile uliyotuma kwa WhatsApp kama picha ya kawaida imebanwa na kupoteza taarifa za muda na mahali, hivyo isiwe ndiyo nakala yako ya kuhifadhi. Kwa upande mwingine, kwa kuwa unapiga karibu na nyumbani, picha asili ikiwekwa hadharani inaweza kumwonyesha mgeni unapoishi. Ondoa taarifa za mahali kwenye nakala unayosambaza, uziache kwenye unayohifadhi.

Umeuliza kama zina faida kwa mwingine. Charles Marville alipiga picha za mitaa ya Paris miaka ya 1860, mingi ikiwa inasubiri kubomolewa katika ujenzi mpya wa jiji, na leo tunaijua mitaa hiyo, mifereji yake ya katikati na mawe yake, kupitia kazi yake. Lakini mfano ninaopenda kukupa ni wa karibu zaidi. Mwezi Mei 2021 daraja kubwa juu ya mto Mississippi huko Memphis, Marekani, lilifungwa baada ya wakaguzi kukuta ufa kwenye chuma chake kikuu. Baadaye ikajitokeza picha ya mwaka 2016, iliyopigwa na mtu aliyekuwa akipita mtoni kwa mtumbwi wa kasia, na ufa ulikuwa unaonekana. Picha yake ilisaidia kuonyesha kwamba ufa ulikuwepo miaka mingi kabla ya kugunduliwa.

Kuna upande wa pili, na nisipokuambia nitakuwa nimekudanganya. Tarehe 1 Agosti 2007 daraja la barabara kuu huko Minneapolis, Marekani, lilianguka na kuua watu 13. Uchunguzi ulikuta kwamba mabamba ya chuma yanayounganisha mihimili yake yalikuwa membamba tangu kwenye usanifu, na kwamba picha za mwaka 1999 na 2003 zilionyesha mabamba hayo yamepinda. Picha zilikuwepo. Hazikutosha. Picha haipimi nguvu iliyobaki ndani ya kitu, na mimi au wewe hatuwezi kutoa hukumu kwa kutazama kioo cha simu. Picha yako kazi yake ni kumfanya mwenye ujuzi aje kutazama, kwa hiyo ipeleke. Mwandikie mhusika kwa ufupi: mahali hasa, tarehe ya picha ya kwanza na ya mwisho, na kilichobadilika kati yake.

Sasa ukuta wako. Upana wa ufa peke yake hautoshi kukutisha wala kukutuliza. Zege yenye nondo kwa kawaida huwa na nyufa nyembamba, na viwango vya usanifu huruhusu hadi takriban milimita 0.3 katika mazingira mengi. Kinachonitia wasiwasi ni mwendo, na maji. Nenda ukaangalie leo au kesho: upande mmoja wa ufa umetokeza mbele ya mwingine? Ukuta umefura tumbo au umeegemea? Ufa unakwenda kwa ulalo katikati ya kimo chake, au unapanda ngazi kufuata maungio ya matofali? Udongo wa juu una mipasuko inayofuata ukuta? Matundu ya kutolea maji yameziba, au ufa unatoa maji yenye tope baada ya mvua? Milango ya nyumba iliyo karibu imeanza kukwama?

Jibu la ndiyo kwa lolote kati ya haya linamaanisha mhandisi wa ujenzi aje mwenyewe, na watoto wasicheze chini ya ukuta huo wakati mnamsubiri. Ukiona tope linatoka, au tofauti inayoonekana wazi kwa macho kati ya asubuhi na jioni, wote ondokeni eneo hilo na mpige simu ya dharura. Hali ni hiyohiyo kwa waya wa umeme ulioanguka, harufu ya gesi, au barabara inayolia utupu ukikanyaga: usisubiri jua lishuke, wala usisogee kupiga picha. Kama majibu yote ni hapana, zibua matundu ya maji, piga zile picha mbili kwa alama na futi kila mwezi na baada ya kila mvua kubwa, na mhandisi akija umkabidhi zote kwa mpangilio wa tarehe, pamoja na ulizokwisha piga hadi sasa, hata zile ulizodhani hazikutoka vizuri.